Maji ya Shabu na Mimba Yangu ya Pili

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa wakati watu wako mashambani wanavuna mpunga, na mwenyewe alikuwa hajafikia wakati wake. Tulikuwa tunakaa Ruaruke kwa wakwe zangu. Mgongo ulianza kuniuma jana yake. Nikaambiwa ni uzito wa mimba, nikajinyoosha kidogo, nikainuka nikaendelea kutwanga. Kesho yake adhuhuri chupa ilipasuka nikiwa uani. Mtoto hakukawia kutoka. Alikuwa wa kiume, mwekundu, kichwa chake kinaenea kiganjani. Alihema mpaka alasiri, kisha akaacha. Mume wangu alimbeba mwenyewe kwenda kumzika, hakukubali mtu ampokee njiani.

Sababu nilipewa nyingi. Kuna waliosema kijicho. Kuna waliosema nilinyanyua ndoo ya maji. Mmoja alisema nilipita penye mzimu jua la utosini. Niliwasikiliza wote, maana mtu aliyefiwa husikiliza tu. Lakini hakuna aliyeniuliza habari ya ute uliokuwa ukinitoka, na mimi sikuwa na mdomo wa kuisema. Mimba nzima ile nilikuwa natokwa na ute mwepesi, wa kijivujivu, wenye harufu ya kamba waliokaa juani. Mimi ni mzaliwa wa Delta, nimekulia kwenye mikoko, harufu hiyo naijua hata nikiwa nimelala. Ilikuwa ikinijia zaidi nikitoka kukutana na mume wangu, na nilikuwa nachelea asije akaisikia.

Dawa yake nilikuwa naijua, au nilidhani naijua: kuoga zaidi. Nilipovunja ungo, shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyekuwa somo wangu. Aliniweka ndani, akanifundisha yote ambayo mwanamke wa kwetu hufundishwa, na la usafi alilirudia mara nyingi kuliko mengine. Maji ya vuguvugu, ndimu, na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi, unaliyeyusha humo. Kisha unajisafisha ndani kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke kama kilivyoingia. "Mwanamke hutunzwa na maji," alikuwa akiniambia. Nilimpenda shangazi yangu kuliko mtu yeyote aliyenilea, na nilimtii. Harufu ilipozidi, nilizidisha shabu. Ilikuwa inakata siku mbili tatu, halafu inarudi.

Baada ya msiba ule mume wangu alitaka tuhame. Yeye ni seremala, na Bungu pale barabarani kazi ilikuwepo: milango, vitanda, madawati ya madrasa. Tukapanga vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Mimi nikawa nasuka mikeka ya ukindu na kuiuza kwa wasafiri wa mabasi. Tulikuwa hatuongei sana habari ya mtoto. Ikapita misimu, nikashika mimba tena, na kabla haijaonekana harufu ikawa imesharudi.

Safari hii nilikwenda kliniki mapema, Kibiti, kwa sababu mume wangu aliniambia, "Nenda wakakuangalie. Sitaki kuchimba tena."

Mkunga aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye lafudhi ya watu wa vilima vya Umatumbi. Alinipima damu, mkojo, presha, akanigusa tumbo. Akaniuliza mimba ngapi nimebeba, nikamwambia. Akaniuliza wa kwanza alikufa vipi, nikamwambia alikuwa njiti. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Pole sana mama. Na sasa hivi, ute unaokutoka ukoje?"

"Hamna neno," nikasema.

Mlango ulikuwa wazi na benchi la nje limejaa wanawake, wawili wao wa Bungu, tunajuana. Aliinuka, akaufunga, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Nimekuuliza vibaya," akasema. "Ngoja nikuulize tena. Wanawake wengi wanaokaa hapo ulipokaa wewe wanatokwa na ute wenye harufu, na wanaona haya kusema. Si ugonjwa wa aibu. Wewe unao?"

Nililia kabla sijajibu. Nikamweleza yote, harufu, shabu, ndimu, kitambaa. Nilipomaliza aliniomba nipande kitandani. Akachukua ute kwa pamba iliyozungushiwa kijiti, akaugusisha kwenye kikaratasi kinachobadili rangi, akadondoshea dawa kidogo akanusa. Nilikuwa nimemkazia macho usoni. Hakukunja uso. Sijui kama mwenyewe anajua alinifanyia wema gani kwa kutokukunja uso.

Sehemu iliyobaki aliipeleka maabara, nikangoja nje. Aliponiita tena aliniambia kwamba vipimo vya kaswende na magonjwa mengine ya zinaa vyote ni salama, na kwamba tatizo langu ni bakteria wa ukeni waliopoteza mizani.

"Bakteria ndio wadudu?" nikauliza. Neno "wadudu" lilinichoma. Kwetu mwanamke akiambiwa ana wadudu amekwisha.

"Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kila mwanamke anao. Hata mimi. Wengi wao ni wema. Togwa umewahi kupika?"

"Nimepika sana."

"Inachachuka kwa nini?"

Nikasema inachachuka yenyewe ukiiacha.

"Haichachuki yenyewe. Wapo wanaoichachusha, huwaoni tu. Basi hata ukeni wapo wa namna hiyo, wanaleta uchachu kidogo mahali pale, na uchachu ule unawazuia wabaya wasistawi. Sasa weye kila siku unaingia na shabu na kitambaa, unawafagia wote, wema na wabaya. Wabaya ndio wanaowahi kurudi. Harufu inarudi, nawe unafagia tena."

Nikamwambia ndimu nayo ni kali, mbona haikusaidia. Akacheka kidogo, akasema ndimu inapita na maji, wale wema wanakaa.

Halafu akaniambia lile lililonifanya nikamate ukingo wa meza. Alisema wabaya wale wakizidi wakati wa mimba, wanaweza kupanda juu wakawasha kizazi na ule utando unaomfunika mtoto, na uchungu ukaanza kabla ya wakati wake.

"Kwa hiyo yule wa kwanza..."

Alinikatiza kwa mkono. "Yule wa kwanza sikumpima, na hakuna mtu aliyempima. Sijui, nawe hutajua. Wapo wenye hali hii wanafika miezi yote tisa salama, na wapo wasiokuwa nayo wanajifungua njiti. Nitakupa vidonge kwa sababu una dalili. Lakini siwezi kukuahidi kwamba vitakufikisha. Ninachokuahidi ni kwamba nitakuangalia kwa karibu, na weye utaniambia kila kitu."

Kisha akanitajia mambo ya kuogopa, akanifanya niyarudie mbele yake kama mtoto wa madrasa: maji kutoka, damu, tumbo kukaza na kuachia, mgongo kuuma chini kwa vipindi. Nikiona lolote kati ya hayo nisilale kidogo, niende.

Nilirudi Bungu na vidonge, na woga mpya. Nitamwambiaje mume wangu? Mwanamume akisikia mkewe anatibiwa sehemu hiyo, la kwanza atauliza nani kaleta. Nilimkuta karakana anapiga randa ubao wa mninga. Nikakaa juu ya gogo nikamweleza, polepole, nikianzia kwenye togwa. Randa ilisimama. Aliupitisha mkono juu ya ubao, akapuliza vumbi.

"Kwa hiyo si mimi niliyekuletea?"

"Kasema hapana. Wala si mimi niliyekuletea wewe."

Akashusha pumzi ndefu, nikaelewa kwamba naye alikuwa na woga wake. "Basi kunywa dawa," akasema. "Kliniki ijayo tutakwenda wote, nimsikie mwenyewe." Na kweli alikwenda, akakaa kwenye benchi la wanawake na nguo zake zenye vumbi la mbao. Mkunga alimweleza upya tangu mwanzo, wala hakuchoka.

Vidonge vilinipa ladha ya chuma mdomoni, nilipovimaliza harufu ikaondoka. Niliacha shabu. Siku za mwanzo nilijiona najisi, nikitia udhu naona kama sijatakasika. Nikazoea. Nilikuwa naosha nje kwa maji matupu, basi.

Mimba ikiwa imekua shangazi alikuja kunitazama. Alikuja kutoka Ruaruke, tulikokuwa majirani zamani, na mkoba wa ukili, ndani yake mchele mpya, samaki wakavu, na kifurushi cha kitambaa nilichokijua kabla hajakifungua. Shabu, na majani yake ya kuogea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenawiri hivi? Huyu mtoto atakaa."

Nilikiweka kifurushi juu ya kabati. Siku ya tatu akakikuta palepale, fundo halijafunguliwa. Alinikuta nachambua ukindu.

"Weye huogi siku hizi?"

"Naoga, shangazi."

"Kuoga gani bila dawa yako?"

Nilijua siku hiyo itafika na nilikuwa nimeandaa maneno, lakini yalinitoka vibaya, bila mpango, nikawa nasema bakteria, kliniki, kizazi kuwaka, njiti. Shangazi alisimama wima kusikiliza. Ni mwanamke mrefu, na hajawahi kuinama kwa ajili ya mtu.

"Ati nini?" akasema. "Kwa hiyo miye ndiye niliyemuua mwanao?"

"Hapana, shangazi. Mkunga mwenyewe amesema hakuna anayejua."

"Nimecheza wari wangapi miye, mabinti niliowafunda? Nao wote nimewaua?"

Alikwenda kukunja nguo zake. Asubuhi yake alipanda gari la kwanza, akaniaga kwa kunishika kichwa kama kawaida, lakini hakunitazama. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kule kliniki. Mume wangu alisema, "Mpe muda." Nilisema muda wa nini, yule ni mama yangu.

Alirudi mwenyewe, mimba ikiwa mwezi wa nane. Alisema tu kwamba mvua imeharibu njia na kwamba ukiwa karibu kuzaa lazima awepo mtu mzima nyumbani. Kifurushi hakukitaja. Alipika, alifagia, alinisuka nywele.

Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai. Nilihisi mgongo unavuta chini, ukaachia. Nikaendelea kunywa. Ukavuta tena. Niliposimama kuondoa vikombe, shangazi alitazama miguu yangu.

"Mwanangu. Kuna maji yanakutiririka."

Nilitazama chini. Kweli, kidogo tu, kama jasho. Nikamwambia labda ni mkojo, nijinyooshe kwanza, maana mtu hata akifundishwa bado hutaka isiwe kweli.

"Hujinyooshi!" Sijamsikia akipaza sauti vile tena. "Mwaka ule miye ndiye niliyekwambia ujinyooshe. Simama hapohapo." Akatoka nje kifua mbele kumwita mume wangu, naye akaacha wateja wake, akasimamisha bajaji barabarani kwa kusimama katikati ya njia.

Mpaka Kibiti shangazi alinishika tumbo kwa mikono yake miwili, anasoma aya chini chini. Mkunga wangu alikuwa zamu. Nilipomwona nilihisi kama nimefika kwa ndugu. Waliniwekea dripu na dawa za kuzuia maambukizi, wakanichoma sindano ya kuyakomaza mapafu ya mtoto. Mkunga aliniambia, "Kila saa anayokaa ndani baada ya sindano hii ni faida. Tulia, mngojee." Nikatulia. Uchungu nao, kama uliosikia, ukapungua, ukanipa muda ambao sindano ilikuwa inauhitaji. Ulipokuja tena ulikuja wa kweli, na mchana wa siku ya tatu mwanangu akazaliwa. Wa kike. Mdogo, mdogo mno, miguu kama vijiti vya mkaratusi. Lakini alilia. Sauti nyembamba, ya hasira. Mkunga akasema, "Alhamdulillahi, mapafu hayo," na nilimwona anafuta jicho kwa bega kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Hawakumtia kwenye sanduku la kutunzia joto. Walimvisha kofia na nepi tu, wakanilazia mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, wakatufunga kwa kanga. Njia hiyo waliiita kangaruu, kwa jina la mnyama abebaye mwanawe tumboni. Akae hapo kutwa kucha, apate joto langu, ale kidogo kidogo kwa kikombe maziwa niliyokamua, mpaka ajue kunyonya. Sikuwahi kukaa na mtu karibu vile. Nilikuwa nasikia moyo wake juu ya wangu, wake unakimbia, wangu unatembea.

Nilipotaka kwenda kuoga ilibidi mtu ampokee kwa namna ileile. Mume wangu alikuwa wa kwanza. Alinawa mpaka viwikoni, akavua shati katika wodi iliyojaa wanawake, akakaa na yule kiumbe kifuani bila kuthubutu hata kukohoa. Nilimsikia akimnong'oneza majina ya mbao, mninga, mkongo, mvule, kwa kuwa nadhani hakuwa na kingine cha kumwambia.

Kisha ikawa zamu ya shangazi. Alifungua blauzi, mkunga akamfungia mtoto. Mtu mzima yule, na nywele zake za mvi, na kale katoto katikati ya maziwa yake makavu. Halafu akamwita mkunga.

"Mwanangu, njoo. Nieleze na miye kama ulivyomweleza huyu. Usinifiche."

Mkunga alikaa pembeni ya kitanda. "Shikamoo bibi," alianza, akamweleza, togwa na yote. Shangazi alikuwa akiuliza maswali ya mtu anayejua kazi yake. Vipi mwenye ute mweupe usionuka? Vipi baada ya hedhi? Vipi tohara ya baada ya kuzaa? Mkunga alijibu kila moja, na pale asipojua alisema sijui.

"Bibi, ulifundisha usafi," alimwambia mwisho. "Usafi ni jambo jema, nami sikuambii uache. Nakuambia uishie nje."

Shangazi alimwekea mtoto kofia vizuri. "Miye nilizika wawili kule Delta," akasema. "Wadogo kama huyu. Kabla ya huyu baba yake kumuoa mama yake." Alinionyesha mimi kwa kidevu. "Nikaambiwa nimerogwa. Nikazidisha maji. Sikuzaa tena."

Nilikuwa namjua shangazi tangu nilipopata akili, na sikuwahi kulisikia hilo. Mkunga hakusema kwamba ni maji yaliyofanya, wala hakusema siyo. Alimshika mkono tu, wakakaa. Mimi nilijifunika uso na kanga yangu.

Tulitoka hospitali mtoto akinyonya mwenyewe na kuongezeka uzito. Sasa anatembea, anabomoa kila ninachosuka, na jina alipewa na shangazi, la mmoja wa wale wawili, aliyewahi kupewa jina kabla ya kufa.

Msimu uliofuata Ruaruke kulikuwa na mwali, na shangazi ndiye aliyeitwa. Aliniomba nikae naye ndani. Wanawake wazima walikuwepo, wengine rika lake, wenye ndimi kali. Alipofika kwenye habari ya usafi niliona anavuta pumzi. Akasema, "Hapa zamani nilikuwa nikifundisha kuingiza maji ya shabu. Nimeacha. Ndani Mungu kaweka kinachojisafisha chenyewe. Ukiona ute umebadilika, una harufu, unawasha, usiongeze kuoga na usione haya. Nenda kliniki, hasa ukiwa na mimba."

Mwanamke mmoja aliguna, akasema mambo ya mjini hayo. Shangazi akamjibu bila kumgeukia, "Mambo ya mjini yamenipa mjukuu," akaendelea. Mwali, binti mwembamba mwenye macho ya woga, alinyoosha mkono akauliza kama ni kweli kila mwanamke ana viumbe hao, hata shangazi. Nyumba nzima ilicheka, na shangazi akacheka zaidi ya wote, akasema, "Hata miye, mwanangu, labda wamezeeka tu."

Mkunga wangu alihamishwa kabla mtoto hajafikisha mwaka. Niliuliza, nikaambiwa yuko ng'ambo ya mto. Mwaka jana nilimfuata. Nilivuka daraja la Ndundu na mtoto mapajani na mkeka niliousuka kwa ajili yake, wenye rangi mbili, kazi ya miezi. Nilimkuta kwenye zahanati ndogo, foleni ndefu. Zamu yangu ilipofika alinitazama kwa adabu ya mtu asiyekukumbuka.

"Karibu mama. Tatizo nini?"

"Sina tatizo," nikasema. "Nimekuletea mkeka." Nikamwekea mtoto juu ya meza yake.

Aliwahi kuona wengi, sikumlaumu. Nilimwambia mimi ni yule wa Bungu, mume wangu seremala, shangazi yangu mrefu. Aliposikia shangazi ndipo uso wake ulipofunguka, akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwinua mtoto juu, akampima uzito wake kwa mikono, huku na huku, akasema huyu sasa si njiti, huyu ni gunia. Mtoto akalia kwa kumwona mgeni. Tulimbembeleza wote wawili, na wanawake waliokuwa nje kwenye foleni wakaanza kuuliza mbona leo ndani kuna vicheko.